Jaramogi Oginga Odinga na dau la mwenye turufu

ALIPOJIUZULU Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga hakuwa mtu aliyeishiwa. Alikuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Kenya, mbunge wa Bondo, kiongozi ambaye neno lake lilisikizwa katika kila soko na kila mwalo wa kando ya Ziwa Victoria. Nyuma yake walikuwapo wabunge kadhaa, wa makabila mbalimbali, waliokuwa tayari kuondoka KANU pamoja naye.

Kwa lugha ya wacheza karata, alikuwa ameshika turufu.

Miezi miwili baadaye chama chake kipya, Kenya Peoples Union (KPU), kilipata kura nyingi kuliko KANU katika uchaguzi mdogo. Hata hivyo, kati ya viti 29 vilivyogombewa, KPU ilipata tisa tu. Mchezo huo, ambao mwenye karata nzuri aliondoka mezani na hasara, ndio unaofanya maisha ya mzee huyu yastahili kutazamwa upya na kila anayependa siasa za nchi hii.

Wanaoifahamu pokeri ya aina ya Omaha watalielewa jambo hili upesi. Kila mchezaji hupewa karata nne za siri badala ya mbili. Kisha karata tano za wazi hufunuliwa katikati ya meza, na mchezaji sharti atumie mbili kati ya zake na tatu kati ya hizo za wazi. Karata nne huzaa jozi sita tofauti, hivyo kila aliyeketi mezani ana njia nyingi za kupata kitu cha maana. Aliyeanza na ree mbili huenda akajiona mfalme, lakini kabla ya karata ya tano kufunuliwa hugundua kwamba jirani yake amempita.

Isitoshe, katika aina hiyo ya mchezo ipo kanuni ya kikomo: hakuna anayeruhusiwa kuongeza dau kuliko fedha zilizokwisha kulundikwa mezani. Mwenye karata nzuri hawezi kumaliza mchezo kwa pigo moja la mwanzo. Hana budi kulikuza dau tangu mapema, hatua kwa hatua, wakati angali mbele, ili siku ya kufunua karata ifike akiwa na kikomo kikubwa cha kutosha. Akichelewa, wengi watabaki mezani kwa gharama ndogo na mmoja wao atampita.

Jaramogi aliyatenda haya yote, ya busara na ya makosa, kwa nyakati tofauti za maisha yake.

Alizaliwa mwaka wa 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, Sakwa, katika eneo la Bondo. Miaka kumi tu kabla ya hapo reli ya Uganda ilikuwa imefika ziwani, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence na ambapo wenyeji na dunia nzima sasa wanapajua kama Kisumu. Kijana huyo alisoma Maseno, akaendelea na shule ya Alliance huko Kikuyu, kisha akaenda Chuo cha Makerere kusomea ualimu. Alirudi nyumbani akawa mwalimu Maseno, na baadaye akasimamia shule ya mifugo iliyokuwa huko.

Kazi ya ualimu ilikuwa na heshima na mshahara wa uhakika. Mwafrika aliyeipata miaka ya 1940 hakuwa na sababu ya kuiacha. Odinga aliiacha.

Dau lake la kwanza kubwa lilikuwa la kibiashara. Biashara ya Kisumu na ya miji midogo ya Nyanza wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wahindi, na Mwafrika alihesabiwa kuwa mnunuzi au kibarua, hakuhesabiwa kuwa mwenye duka. Mwalimu huyo aliamini kwamba unyonge huo haungeondolewa kwa hotuba. Mwaka wa 1947 ilianzishwa kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, naye akiwa msukumo wake mkuu, na hisa zake zikauzwa kwa watu wa kawaida: wakulima, walimu, vibarua wa reli, na Wajaluo waliokuwa wakifanya kazi katika miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika.

Hapa ndipo mtu anapoona mapema tabia ya mchezaji. Fedha zilikuwa kidogo kidogo, za watu wengi, na zilihitaji safari nyingi za kuzikusanya. Odinga alizunguka kutoka mji hadi mji akiomba, akieleza, akirudi tena mwaka uliofuata kuwaeleza wenye hisa fedha zao zilikuwa wapi. Kampuni iliendesha maduka, ikamiliki mtambo wa kupiga chapa na kujenga jumba la Ramogi House. Kama biashara haikuwa ya kutajirisha watu, na si wote waliotia hisa walioona faida. Ila mwenyewe alitoka humo na mtaji ambao haukuandikwa katika daftari lolote: alijulikana kwa uso na kwa jina katika kila mtaa uliokuwa na Mjaluo, kutoka Kampala hadi pwani.

Mtaji huo ulimfanya awe Ker, kiongozi mkuu wa Luo Union, katika miaka ya 1950. Uliendelea kumzalia matunda Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Katika Nyanza ya Kati alimshinda Apolo Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Ohanga alikuwa na cheo, gari na kibali cha Gavana. Odinga alikuwa na wenye hisa.

Mwaka uliofuata akaweka dau ambalo hata wenzake waliliona la wazimu. Juni 1958, ndani ya Baraza hilo, alitamka kwamba Jomo Kenyatta na wenzake waliokuwa kifungoni ndio walioendelea kuwa viongozi wa kweli wa Waafrika. Hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa. Jina la Kenyatta lilihusishwa na Mau Mau na kutajwa kwa woga hata na waliomwamini. Walowezi walifoka, na baadhi ya wajumbe Waafrika wakajitenga na kauli hiyo wakihofia kwamba mwenzao alikuwa amewaharibia kila kitu.

Ukitazama karata alizokuwa nazo siku ile, hazikuwa nzuri. Alikuwa peke yake, bila chama cha kitaifa, katika Baraza ambalo Waafrika walikuwa wachache. Alichokiona, ambacho wengine hawakukiona, ni karata ambazo bado hazijafunuliwa: kwamba Waingereza wasingeweza kupata mtu wa kukabidhi nchi huku mtu yule yu kifungoni. Miezi michache haikupita kabla ya wale waliomlaumu kuanza kulitaja jina hilo majukwaani, na kabla ya mwaka wa 1960 kwisha madai ya kumfungua Kenyatta yalikuwa yamekuwa wimbo wa kila mkutano wa hadhara. Huo ulikuwa uchezaji wa kulikuza dau mapema, na huenda ndio uamuzi bora kuliko yote aliyowahi kuufanya.

KANU ilipoundwa Mei 1960, James Gichuru alikalia kiti cha urais wa chama kwa niaba ya Kenyatta, Odinga akawa makamu na Tom Mboya, mzaliwa wa familia ya Rusinga, akawa katibu mkuu. Wajaluo wawili hao hawakupendana kisiasa. Mmoja alikuwa na marafiki Marekani, mwingine alikuwa akipeleka vijana kusoma Ulaya Mashariki na kuzuru Peking na Moscow. Ila katika jambo moja walilazimika kucheza upande mmoja.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 dhidi ya 11 vya KADU. Ushindi ulikuwa dhahiri na mlango wa kuunda serikali ulikuwa wazi. Gavana Patrick Renison alikataa kumwachilia Kenyatta, na KANU ikakataa kuingia serikalini bila yeye. KADU ya Ronald Ngala ikachukua nafasi hiyo kwa msaada wa wajumbe wengine.

Kwa mtazamo wa haraka, walikuwa wametupa ushindi. Lakini chama chenye wapiga kura wengi kuliko wapinzani wake kilijua kwamba kila mwezi uliopita ulikuwa ukiongeza thamani ya kile kilichokuwa mezani, na kwamba serikali ya wachache haingedumu. Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo huo. Mei 1963 KANU ilishinda kwa kishindo, Odinga akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, na Desemba 12, 1964, Kenya ilipokuwa jamhuri, akaapishwa kuwa Makamu wa Rais.

Aliyemtetea akiwa kifungoni sasa alikuwa mkuu wake. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika.

Februari 1965 Pio Gama Pinto, mpangaji mkuu wa mikakati wa mrengo wa Odinga bungeni, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi. Taasisi ya Lumumba, iliyokusudiwa kuwafunza makada wa chama, ilifungwa mwaka huo huo. Katika mkutano wa KANU huko Limuru, Machi 1966, wadhifa wa makamu wa rais wa chama ulivunjwa vipande vinane, kimoja kwa kila mkoa pamoja na Nairobi, na Odinga akajikuta hana kitu. Mboya alikuwa miongoni mwa walioupanga mkutano huo kwa ustadi mkubwa.

Je, ulikuwa wakati mwema wa kuweka kila kitu mezani? Wafuasi wake hawana shaka kwamba hakuwa na njia nyingine, na ni vigumu kuwapinga kuhusu heshima yake. Kuhusu hesabu, ni habari nyingine. Mwaka mmoja kabla ya hapo angali alikuwa na Pinto, na wadhifa wake chamani ulikuwa mzima. Aliacha karata zifunuliwe moja baada ya nyingine bila kuongeza dau, na alipoongeza, wenzake wa upande wa pili walikuwa wamekwisha kumpita.

Tena, wao ndio walioshika kanuni za mchezo. Mwishoni mwa Aprili 1966 Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka ya ajabu ili kila mbunge aliyehama chama kilichompeleka bungeni alazimike kurudi kwa wapiga kura. Baadhi ya waliokuwa wametangaza kumfuata Odinga walishtuka wakarudi KANU. Waliobaki, wabunge na maseneta 29 kwa jumla, waliingia katika ule uliokuja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo, wakiwa na chama kisichotimiza miezi mitatu.

Matokeo ya Juni yalionyesha nguvu na udhaifu wa Jaramogi kwa pamoja. Katika Nyanza ya Kati KPU ilifagia, kura zikimiminika kwa maelfu kupita kiasi kilichohitajika. Lakini kura ya ziada katika Bondo haiwezi kumsaidia mgombea wa Nakuru. Achieng Oneko, aliyejiuzulu uwaziri ili kumfuata, alishindwa mjini Nakuru. Bildad Kaggia, aliyefungwa Kapenguria pamoja na Kenyatta, alishindwa Kandara. Chama kilichoanza kama cha wanyonge wa makabila yote kilitoka katika uchaguzi huo kikiwa kimefungiwa kando ya ziwa, na tangu siku hiyo wapinzani wake hawakuacha kukiita chama cha Wajaluo.

Mwaka wa 1967 alichapisha kitabu cha maisha yake, Not Yet Uhuru, ambacho jina lake pekee lilitosha kumuudhi kila waziri. Katika uchaguzi wa mabaraza wa 1968 karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa madai ya kasoro za ujazaji. Hata hivyo, Mei 1969, chama hicho kilinyakua kiti cha Gem kilichoachwa wazi na marehemu Argwings-Kodhek, na Wasonga Sijeyo akaenda bungeni. Palikuwa na uchaguzi mkuu mbele, na hofu serikalini.

Julai 5, 1969, Tom Mboya aliuawa mchana jijini Nairobi. Hasira iliwaunganisha Wajaluo waliokuwa wamegawanyika kati yake na Odinga.

Katika hali hiyo Rais Kenyatta alifika Kisumu Oktoba 25 kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti ambao Odinga mwenyewe aliusaidia kupatikana, na ambayo watu wa Kisumu waliiita Russia. Wawili hao walirushiana maneno makali hadharani, mbele ya umati. Vurugu zikazuka, walinzi wa Rais wakafyatua risasi, na watu wakaanguka uwanjani na kandokando ya barabara ambako msafara ulipita. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 11. Wakazi wa Kisumu wanataja idadi kubwa zaidi, na mauaji hayo yalichunguzwa tena na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyotoa ripoti yake 2013.

Siku tano baada ya risasi hizo KPU ilipigwa marufuku. Odinga na wenzake walitiwa kizuizini. Familia za Kisumu zilizozika watoto wao hazikuulizwa kama zilikubali kuwa sehemu ya dau hilo.

Aliachiliwa Machi 1971, akarudi KANU, lakini hakuruhusiwa kugombea ubunge 1974 wala 1979. Rais Daniel arap Moi, aliyeingia madarakani 1978, alimpa uenyekiti wa bodi ya pamba. Aprili 1981 mambo yalikuwa yamekaa sawasawa: mbunge wa Bondo alikuwa amejiuzulu ili kumpisha mzee, na njia ya kurudi bungeni ilikuwa nyeupe. Kilichotakiwa ni kunyamaza kwa wiki chache. Akaenda Mombasa, akahutubu, akamtaja marehemu Kenyatta kuwa mnyakuzi wa ardhi. Uenyekiti ukaenda, na tiketi ya Bondo ikaenda.

Wapo wanaosema alisema kweli. Alisema kweli siku ambayo kila mtu mezani alikuwa akingoja afunue karata zake.

Mei 1982, alipokuwa akipanga kuunda chama pamoja na George Anyona, alifukuzwa KANU, na mwezi uliofuata Bunge likaifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, mwanawe Raila alitiwa nguvuni, na mzee mwenyewe akazuiliwa nyumbani kwake Kisumu. Wengi waliamini kwamba habari zake zilikuwa zimekwisha.

Hazikuwa zimekwisha. Mwaka wa 1991, akikaribia miaka 80, alijaribu kusajili chama akanyimwa. Agosti mwaka huo yeye pamoja na Martin Shikuku, Masinde Muliro, Philip Gachoka, George Nthenge na Ahmed Bamahriz walitangaza kuundwa kwa FORD, kwanza kama kikundi cha ushawishi ili kuikwepa sheria. Novemba wafadhili walisitisha misaada. Desemba Moi alikubali kifungu cha 2A kifutwe.

Hakuna mwanasiasa wa upinzani Kenya aliyewahi kushika karata nzuri kama zile alizokuwa nazo mwenyekiti wa FORD mwanzoni mwa 1992. Mawaziri walikuwa wakiikimbia KANU. Uwanja wa Kamukunji ulifurika. Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, Mkamba na mtu wa pwani walikuwa wameketi meza moja.

Lakini kumbuka zile jozi sita. Kila mmoja aliyeketi pale alikuwa na sababu ya kuamini kwamba karata zake zingekuwa bora mwishoni. Kenneth Matiba alirejea kutoka London Mei, akiwa ameugua kutokana na kizuizi lakini akipendwa mno Mkoa wa Kati. Kundi lake, lililokutana Muthithi House, lilitaka mgombea urais achaguliwe moja kwa moja na wanachama wote. Kundi la Odinga, la Agip House, lilitaka wajumbe ndio wachague. Muliro, aliyeweza kuwasemesha wote, alifariki Agosti. Kabla ya uchaguzi chama kilikuwa vipande viwili, FORD-Kenya na FORD-Asili, huku Mwai Kibaki akiwa na chama chake cha DP.

Desemba 29, 1992, Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, na Odinga akawa wa nne kwa 17. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walikuwa wamemkataa Rais, naye akarudi Ikulu. Lawama haiwezi kuwekwa kwa mtu mmoja, kwa kuwa Matiba na Kibaki pia walikataa kumpisha mwenzao. Hata hivyo Odinga ndiye aliyekuwa mzee wao wote. Ndiye aliyewahi, 1961, kukubali kungoja kwa ajili ya mtu mwingine, na ndiye aliyekuwa amejionea 1966 jinsi kura nyingi za mahali pamoja zisivyoweza kutosha.

Alirudi bungeni kwa kiti cha Bondo, miaka 23 baada ya kukipoteza, na 1993 akawa kiongozi rasmi wa upinzani. Badala ya kupambana alianza kuzungumzia ushirikiano na serikali ya Moi, akieleza kwamba Nyanza ilikuwa imenyimwa barabara, viwanda na kazi kwa muda mrefu mno. Kisha akakiri hadharani kwamba alipokea shilingi milioni mbili kutoka kwa Kamlesh Pattni, mfanyabiashara wa kampuni ya Goldenberg iliyokuwa katikati ya kashfa ya mabilioni. Kukiri kwake kuliwashangaza hata maadui zake. Baadhi ya vijana wa chama chake, waliokuwa wakiichunguza kashfa hiyo hiyo bungeni, walijitenga naye.

Alifariki Kisumu, Januari 20, 1994, akiwa na umri wa miaka 82, na akazikwa nyumbani kwake Nyamira Kang'o. Moi, aliyemzuilia na kumfukuza, alikuwa akizungumza naye hadi miezi ya mwisho. Barabara kuu ya Kisumu ina jina lake. Hospitali iliyofunguliwa kwa risasi 1969 sasa ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na wazee waliokuwa watoto siku ile hupita lango lake wakienda kutibiwa. Oktoba 2025 umati mwingine ulifurika Bondo kumzika Raila, aliyegombea urais mara tano bila kuupata, katika boma lile lile la Kang'o, karibu na baba yake.